Nyanya Zilizolowa

Nilipozikuta zimelowa nilifurahi. Nilisimama pale kwenye tuta na ndoo yangu mkononi nikatabasamu peke yangu, maana nilijua nani kaamka kabla yangu.

Baba mkwe alikuwa amekuja juzi yake kutoka Bunda, kuonyesha macho hospitali. Ni mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache hata kwa watoto wake wa kuzaa, na kwangu mimi hana maneno kabisa. Siyo ubaya. Huku kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaongeagi. Simtaji jina, simpi mkono, sipiti mbele yake mpaka ainuke. Na yeye akitaka kuingia uani anakohoa kwanza, ili nijifunike kanga vizuri au nipishe njia. Chakula chake nakiweka kwenye kigoda karibu na mlango, na anayepeleka maneno ni binti yangu Nyamburi, ambaye hajafikisha miaka minne lakini mdomo wake ni wa mtu mzima.

"Babu, mama anasema uji upo."

"Mwambie mama nimeshukuru."

"Mama, babu kashukuru."

Hayo yote nimeyasikia kwa masikio yangu, niko nyuma ya pazia tu. Lakini ndiyo adabu yenyewe, na kwa kweli nilikuwa nimeizoea. Kuna namna fulani ya kupendwa na mtu ambaye hakuangalii usoni. Msimu uliopita alituma gunia la viazi vitamu, juu yake kaweka kitambaa cha mtoto. Hakusema ni cha nani. Mimi nilijua.

Sasa jioni iliyotangulia, kabla mume wangu Revocatus hajaondoka kwenda Butiama kwenye kazi ya kupaua nyumba, nilimlalamikia jikoni kuhusu nyanya. Nyuma ya nyumba yetu hapa Kitaji nina matuta ya mchicha, chinese, na nyanya, na ndiyo yanayotulisha, na ndiyo yanayoniwezesha kwenda darasa la jioni. Kantangaze walikuwa wameingia. Hicho ni kidudu kidogo sana, kinachora jani kama mtoto aliyepewa kalamu, halafu kinahamia kwenye tunda na kulitoboa. Nikamwambia Revocatus, "Hizi zikiisha hivi sijui tutafanyaje." Nilipaza sauti kidogo, maana baba mkwe alikuwa barazani. Ukitaka mkwe wako ajue jambo, unamwambia mwingine.

Kwa hiyo asubuhi, nilipoona nyanya zinang'aa kwa maji, nilijua kanijibu. Nikawaza: wadudu hana la kuwafanya, basi kaona angalau anisaidie kumwagilia. Mzee wa watu na macho yake mabaya.

Kwenye kona ya tuta kulikuwa na kijiti kimechomekwa, na juu yake limefungwa fundo la nyasi kavu. Jana yake hakikuwepo. Nikadhani ni mambo ya wazee, ya kuzuia wezi, au jicho la mtu. Ningemuuliza nani? Nilikizunguka kwa heshima nisikiangushe. Harufu ilikuwepo pia, harufu kali kidogo ya kama mafuta ya taa, ila jirani yangu Gaudensia kila asubuhi anawasha kuni zake kwa mafuta ya taa akianza kukaanga dagaa, na upepo wa ziwani unatuletea kila kitu cha kwake, harufu na maneno. Sikuijali.

Tulivuna na Nyamburi. Nilishamfundisha: nyanya huivuti, unaishika kwa kiganja, unageuza kidogo mpaka kikonyo kikatike chenyewe. Yeye alikuwa na bakuli lake la plastiki.

"Mama, hii?"

"Hiyo bado, iache iive."

"Hii je?"

"Hiyo sawa."

"Niile?"

Nikaichukua, nikaifuta kwenye kanga, nikampa. Akaila ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ya pili hakuniuliza, na mimi sikuifuta. Ya tatu alikuwa ameificha shavuni, akacheka nilipoigundua. Zilikuwa zile ndogo ndogo, tamu, na shati lake lilikuwa limelowa kifuani kwa kupita katikati ya majani.

Ndoo ilipojaa nikaenda kuchambua kivulini, zilizotobolewa huku, nzima kule. Kichwa kilianza kuniuma nikadhani ni njaa. Nikamwita Nyamburi anywe chai. Hakuitika. Nikamwita tena, kwa jina lote, ile ya kugomba. Kimya.

Nyumba yenye mtoto wa vile haikaagi kimya.

Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, miguu ameinyoosha, mikono iko mapajani kama mtu aliyechoka na safari. Mate yalikuwa yanamtoka. Siyo ya kudondoka, yalikuwa yanatiririka, kamba moja ndefu hadi kwenye shati. Jasho lilikuwa limejipanga puani na juu ya mdomo, na asubuhi ile ilikuwa bado ya baridi.

"Nyamburi. Mama. Una nini?"

Aliniangalia kama ananitafuta.

Gaudensia alichungulia juu ya ua wa mabati, kijiko cha kukaangia mkononi. "Mama Nyamburi, huyo mtoto anaota jino la ngapi? Mbona mate hivyo kama ng'ombe wa maksai?" Akacheka. Halafu hakucheka tena, maana Nyamburi aliinama akatapika, na matapishi yalikuwa maganda mekundu ya nyanya na maji, maji mengi kuliko aliyokunywa. "Yesu wangu," akasema, na nikasikia kijiko kinaanguka.

Alipofika kwangu alikuwa peku. Akamshika mtoto kichwa. "Hana homa. Ni degedege?"

"Degedege bila homa?"

"Basi ni nini?"

Nilimwinua Nyamburi uso wake nikaugeuzia mwangani. Mboni za macho zilikuwa zimekuwa ndogo, ndogo, kama mtu kachoma pale kwa ncha ya sindano. Sijawahi kuona macho ya hivyo kwa mtoto wangu. Misuli ya shavu ilikuwa inacheza chini ya ngozi, kama kuna kitu kinatembea mle. Nilitaka kulia, ila kulia ni kwa mtu ambaye anajua kinachomliza.

Ndipo nikasikia kikohozi upande wa mbele wa nyumba. Kile cha adabu. Mara mbili, kama kawaida.

Sikujifunika. Sikupisha.

Baba mkwe alitokea kwenye kona akasimama mbali, fimbo yake mkononi, uso ameuelekeza kwenye miguu ya Gaudensia. Alikuwa amesikia kelele. Akamwambia Gaudensia, pole pole vile, "Mwanangu, niulizie kwa mama wa mtoto. Mtoto ana nini?"

Gaudensia, ambaye na yeye ni wa huku huku na adabu anazijua, akanigeukia hivyo hivyo akaniuliza, "Mama Nyamburi, mzee anauliza mtoto ana nini?" Mimi nipo hatua chache kutoka kwake! Mtoto ananilegea mikononi!

"Anatapika nyanya," nikasema.

"Mzee, anasema anatapika nyanya."

Fimbo ilimponyoka. Niliiona inaanguka na yeye hakuiokota. Akamwambia Gaudensia, "Muulize... niulizie hizo nyanya kazitoa wapi. Muulize kama hakuona alama."

"Mama Nyamburi, mzee anasema..."

"Baba!"

Neno lilinitoka kwa ukali ambao sijawahi kumpa mtu hata wa rika langu. Nikasimama na mtoto wangu, nikaenda mpaka mbele yake, karibu kiasi cha kuona mawingu meupe kwenye macho yake. "Baba, umeweka nini kwenye nyanya zangu?"

Aligeuza uso pembeni kama nimemwagia maji ya moto. Gaudensia nyuma yangu akasema, "Haa," basi. Kwa muda kidogo nilidhani hatanijibu, na kwamba mtoto wangu atanifia pale uani kwa sababu ya adabu.

Kisha akageuka akaniangalia.

"Dawa ya pamba," akasema. "Nilisikia unasema kantangaze. Nilikuwa na dawa imebaki, nikaja nayo. Nikanyunyizia kwa ufagio, alfajiri, wakati mmelala. Nikaweka alama. Kwetu kila mtu akiona fundo la nyasi shambani anajua pametiwa dawa, hagusi mtu."

"Mimi sikujua."

"Niliona kukwambia... Nilikuwa nasubiri Revocatus apige simu, nimwambie akwambie."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yeye alikuwa barazani na neno hilo kinywani tangu alfajiri, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naokota sumu na kumpa mwanangu, na kati yetu kulikuwa na ukuta mmoja wa tofali.

"Maziwa!" Gaudensia alishaanza kukimbia. "Sumu unaivunja kwa maziwa, ninayo nusu lita!"

"Usilete!" nikampigia kelele. "Asipewe kitu!" Mwalimu wetu wa darasa la jioni, siku ya huduma ya kwanza, alitufundisha mtu aliyelegea hatiliwi kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Sikuwa na uhakika kama nakumbuka vizuri. Niliomba Mungu niwe nimekumbuka vizuri. "Nisaidie kumvua hilo shati. Leta maji na sabuni."

Tulimvua, tukamwagia maji kifuani na mikononi huku ananitetemekea, tukamfunga kanga kavu aliyoleta Gaudensia. Baba mkwe alikuwa ameingia chumbani, akatoka na chupa. Chupa ya maji ya kunywa ya dukani, ndani yake kitu cha rangi ya chai iliyokolea. Karatasi ya jina haikuwepo, ilishabanduka zamani au haikuwahi kuwa yake. Alikuwa ameiweka juu kabisa ya kabati, alisema, ili mtoto asiifikie.

"Inaitwaje?" nikamuuliza.

"Dawa ya pamba. Tuligawiwa kutoka kwenye dumu kubwa, kila mtu na chupa yake. Jina sikusoma."

"Daktari atauliza."

"Ninavyoijua nitamweleza."

Nikaelewa maana yake, na yeye akaelewa nimeelewa. Ilibidi aje. Bila yeye ningeenda na chupa isiyo na jina na mtoto asiyeweza kusema.

Gaudensia alikuwa barabarani anapunga mikono yote miwili. Pikipiki iliyosimama ilikuwa ya Gody, kijana anayepaki pale kwenye kona, anajua nyumba zote za mtaa na mambo yake. Nyingine hakukuwa. Siku ya gulio zote zinakuwaga sokoni.

"Nani anaenda?" Gody akauliza.

"Wote watatu."

Akamwangalia mzee, akaniangalia mimi, akajikuna chini ya kofia. "Mama Nyamburi, huyu si mkweo? Mtakaa namna gani?"

"Tangulieni," baba mkwe akasema. "Mimi nitatembea."

"Hutatembea, baba. Macho yako hayakufikishi hata lami." Nikamshika mkono wa shati nikamvuta. Sikuwahi kugusa hata kivuli cha mtu yule. "Panda."

"Pandeni basi," Gody akasema, "mimi nimewahi kupakia mpaka kitanda na mwenye kitanda kalala juu yake. Mkwe na mkwe ni nini."

Hakuna aliyecheka. Nilikaa katikati na Nyamburi nimemkumbatia kifuani, baba mkwe nyuma yangu ameshika chuma cha kubebea mizigo kwa mikono miwili na kujivuta nyuma kabisa, hadi nikaogopa atadondoka. Hakutaka kifua chake kiguse mgongo wangu. Tuliondoka hivyo. Watu wa mtaa walitutazama. Mama mmoja aliyekuwa anafagia aliacha ufagio hewani.

Njiani Nyamburi alianza kukoroma. Siyo usingizi. Ilikuwa sauti ya maji, kama mtu anavuta soda iliyobaki chini ya chupa. Nikawa namwinamisha kichwa mate yatoke, nafuta kwa kanga, yanajaa tena. Shingo yake haikuwa na nguvu. Kila shimo la barabara kichwa kilirushwa, na mikono yangu haikutosha, mmoja mgongoni, mwingine mdomoni.

"Gody, kimbia."

"Nakimbia, mama."

"Kimbia!"

Tulipopiga tuta la barabarani nilihisi mkono ukipita ubavuni mwangu kutoka nyuma. Mkono mkavu, wenye nyufa, unanuka ile harufu ya kama mafuta ya taa. Ukashika kisogo cha mtoto ukakituliza kwenye bega langu. Ukabaki hapo. Kifua cha baba mkwe kilikuwa kimenilalia mgongoni, na nilikuwa nahisi moyo wake unavyopiga, unapiga haraka kama wangu.

Kwenye kituo cha afya waliokuwa kwenye foleni waliona kanga inavyodondosha mate wakatupisha wenyewe. Daktari alikuwa msichana wa rika langu, ana kalamu kwenye nywele. Alimfungua Nyamburi macho kwa kidole gumba, akawasha tochi, akaizima. Alipoongea aliongea taratibu, na huo utaratibu ndio ulionitisha.

"Amepata sumu ya wadudu. Ipi?"

Nikampa chupa. Akafungua, akanusa kwa mbali, akafunga. "Jina?"

"Haina," baba mkwe akasema.

"Nani aliitumia?"

"Mimi."

"Ukiitia kwenye maji inakuwaje?"

"Inakuwa nyeupe, kama maziwa."

"Ulitia kiasi gani?"

"Kama ya pamba." Akameza mate. "Nikaongeza kidogo. Huyu mdudu nilisikia ni mkaidi." Hakusema alisikia kwa nani.

"Huko shambani mtu akizidiwa nayo anakuwaje, mzee?"

"Anatokwa mate na jasho. Macho yanakuwa ya ndege. Anatetemeka, anajikojolea. Wengi wanaamka." Daktari alikuwa anamsubiri. "Jirani yangu mmoja hakuamka."



"Basi naijua," daktari akasema, na papo hapo akawa mtu mwingine, anaita nesi, anataka sindano, anataka ile mashine ya kuvuta mate. "Mama, shika mikono. Mzee, shika miguu. Asitetemeke nikitafuta mshipa."

Kitanda kilikuwa kidogo. Tuliinama pande mbili, vichwa vyetu karibu kugongana. Nesi, mama mtu mzima mwenye alama za kwetu usoni, aliuliza, "Huyu ni baba yako?"

"Baba mkwe."

Alinyanyua macho akatutazama. Kisha akasema, "Haya, mshikeni vizuri," akaendelea na kazi yake.

Mshipa wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulikataa. Nyamburi hakulia, na hicho ndicho kitu kibaya zaidi nilichowahi kuona: mtoto anachomwa sindano halii. Huyu ambaye akinyolewa nywele mtaa mzima unajua. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, lia, lia mama, nitukane, niume. Wa tatu ulikubali, kwenye mguu, katikati ya vidole vya babu yake.

"Hii ni atropini," daktari akasema akisukuma dawa. "Inakausha mate. Nitampa, nitasubiri, nitampa tena mpaka kifua kikauke. Ninazo chache. Zikitaka kuisha tunampeleka mbele. Nimeshapiga simu."

"Chache kiasi gani?"

Alikuwa ameweka kipimo chake kifuani kwa mtoto.

Hakuna kilichotokea. Mate yalikuja, mashine ikayavuta, yakaja tena. Akachoma nyingine. Ile sauti ya chini ya chupa bado ilikuwepo. Nilikuwa naangalia tumbo lake linavyoingia ndani chini ya mbavu kila akivuta pumzi, na nilianza kuvuta pumzi pamoja naye, kama vile nikivuta mimi na yeye atavuta. Simu yangu iliita. Ilikuwa Gaudensia.

"Anaendeleaje? Na ule mchicha ulionipa asubuhi? Nishauweka jikoni!"

Nikamgeukia baba mkwe. "Baba, mchicha?"

"Mchicha sikuugusa. Nyanya tu. Ila mwambie na mchicha autupe, upepo hauna macho. Afukie vyote pamoja na nyanya, kuku wasivipate."

Nikamwambia Gaudensia. Nilipokata simu ndipo nikagundua tumeongea, mimi na yeye, maneno ya kawaida ya watu wa nyumba moja.

Sindano nyingine ilipoingia, uso wa Nyamburi ulianza kuwa mwekundu. Mashavu, halafu shingo. Ngozi yake ikawa ya moto mkononi mwangu, kavu kama karatasi. Nikapiga kelele, "Anaungua! Daktari, anaungua!"

"Mwache aungue, mama. Hiyo ndiyo tunayoitaka." Alikuwa ameinama anasikiliza kifua, mbele, mgongoni, tena mbele. "Mashine," akasema. Nesi akaingiza mrija mdomoni. Ukatoa sauti ya hewa tupu.

Daktari akachomoa kalamu kwenye nywele zake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyeshushiwa mzigo, lakini uso hakuukunjua. "Kifua kimekauka. Kwa sasa. Hii dawa ya pamba ina tabia ya kurudi, inajificha mwilini halafu inatoka tena. Mtamwangalia mpaka jioni, na usiku nesi ataangalia. Mate yakirudi hata tone, au akilegea, au pumzi ikibadilika, mnaniita. Hamsubiri. Mmenielewa?"

"Tumeelewa," tukasema wote wawili.

Walituletea benchi moja. Baba mkwe alilitazama, akakaa mwisho kabisa wa upande mmoja. Mimi nikakaa mwisho wa pili. Simu yake iliita, na kwa sababu haoni vizuri alibonyeza sehemu ikawa sauti ya wazi. Alikuwa mama mkwe, yuko Bunda, na habari zilishamfikia. Sijui Gaudensia alianzia wapi.

"Jilala! Mtoto je?"

"Kifua kimekauka. Tunangoja."

"Mungu asifiwe. Na hili ninaloambiwa, umepanda pikipiki moja na mke wa mtoto wako? Mmebanana?"

"Tulibanana."

"Na sasa?"

"Tumekaa benchi moja."

"Itabidi utoe mbuzi, unajua hilo? Wazee hawatakubali iishe hivi hivi."

"Nitamtoa. Akiamka mtoto nitatoa hata wawili. Asipoamka, wa nini?" Akatafuta kitufe cha kukata, hakukiona, akanipa simu. Nikakata mimi.

Tulikaa. Nje kunguru walikuwa wanagombana juu ya bati. Kila mara nilidhani pumzi imebadilika nikainuka, na kila nilipoinuka yeye alishainuka. Nilijaribu kumpigia Revocatus, hapatikani, huko juu ya paa Butiama mtandao unategemea upepo. Nilishukuru kidogo. Sikujua ningemwambiaje na kwa sentensi gani ya kwanza.

"Mikono yako," baba mkwe akasema.

Sikuelewa.

"Nyanya ulizichuma na wewe. Ulinawa?"

Niliiangalia mikono yangu. Nilikuwa nimemwosha mtoto, nimemfuta, nimemshika mdomo. Kichwa kilikuwa bado kinauma na vidole vinawasha, na sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba na mimi nina mwili.

"Nenda kanawe. Kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Na hiyo kanga uiondoe, muombe nesi shuka. Mimi namwangalia."

"Macho yako, baba."

"Nitaweka mkono kifuani kwake. Mkono wangu unaona."

Nilinawa kwenye bomba la nje kwa haraka nikiangalia mlango. Nilirudi nikiwa nimejifunga shuka la hospitali kama mtu aliyekimbia moto. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kiganja chake chote kimefunika kifua cha mjukuu, midomo inatembea. Sikumuuliza anasali kwa nani.

"Anapumua," akasema. "Lakini hapa kwenye mdomo nahisi kuna unyevu. Njoo uone."

Nikainama. Kwenye kona ya mdomo wa Nyamburi kulikuwa na kitu kinachong'aa. Kidogo, kama kichwa cha pini. Nikagusa kwa ncha ya kidole. Nikagusa tena. Kilikuwa kimetoka juu, kwenye jicho, kimeteremka pembeni ya pua.

"Ni chozi, baba."

"Una uhakika?"

"Analia."

Alikuwa analia, bila sauti, uso umekunjamana, macho yamefumba. Halafu sauti ikaja, ya kukwaruza, kavu, kama mlango wa banda. "Maji."

Nilikimbia kumwita daktari na nikamwita kwa kelele kiasi kwamba walikuja wauguzi wawili na mgonjwa mmoja. Daktari akamulika macho. Mboni zilikuwa zimefunguka. Alisikiliza kifua kwa muda mrefu sana.

"Asinywe bado," akasema. "Loanisha kitambaa, umguse midomo tu. Na msiache kumwangalia, bado hatujatoka."

Bado hatujatoka. Niliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Nikachovya kona ya shuka nililojifunga kwenye kikombe cha maji safi, nikaikamua, nikaiweka kwenye midomo yake iliyopasuka. Baba mkwe alikuwa upande wa pili, mkono wake bado uko pale kifuani. Nyamburi alifumbua jicho moja, akakiona kitambaa, akakiuma. Nilijaribu kukitoa taratibu. Akakaza meno akavuta kuelekea kwake, kwa hasira, kwa nguvu, mpaka shuka likaanza kunivuka begani, na mimi nikamwachia avute.